Moyo kuruka baada ya kula: ni tumbo au ni moyo?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 47. Ni karibu mwaka sasa, kila nikila chakula cha usiku nikashiba, baada ya nusu saa hivi moyo unaanza vituko. Unaruka, unanyamaza kidogo, halafu unapiga kishindo hadi kooni. Nikilala ndiyo unazidi. Nikibeua napata nafuu. Mara mbili tatu umekwenda mbio kama dakika kumi, kisha ukatulia wenyewe. Nilipimwa ECG asubuhi, nikaambiwa moyo ni mzima, hizo ni gesi. Natumia omeprazoli, ile ya kupunguza tindikali tumboni, mwaka wa pili huu, na juzi nimeongezewa domperidoni. Nimeacha kahawa, nimeacha karibu kila kitu, hata kula kwenyewe naogopa. Mume wangu anasema nijaribu vidonge vya mama yake vya mapigo ya moyo. Je, tatizo ni tumbo au ni moyo? Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Mara nyingi ni vyote viwili: tumbo linachokoza, moyo unajibu. Ila kabla ya kugawana lawama kati ya tumbo na moyo, kuna kitu kinachokosekana kwenye habari yako yote, na bila hicho mimi na wewe tunabahatisha. Chakula kinaweza kuchokoza aina kadhaa za mapigo yasiyo ya kawaida. Nyingine hazina madhara, nyingine zinahitaji dawa, chache ni za hatari, na zote mgonjwa anaziita "moyo kuruka". Kinachozitenganisha ni mchoro wa umeme wa moyo uliochukuliwa wakati ule ule moyo unaporuka. Wewe huna mchoro huo. Ulio nao ni wa asubuhi, tumbo tupu, moyo umetulia. Mchoro wa kawaida wa ECG unarekodi kama sekunde 10 tu. Una faida yake, kwani unaweza kuonyesha kovu la zamani, msuli ulionenepa au njia ya ziada ya umeme, na ni heri kwamba wako haukuonyesha kitu. Lakini hauwezi kutoa ushahidi wa jambo lililotokea saa nne usiku wa jana yake.

Kwanza nikutoe hofu kwamba labda unajiwazia tu. Ukishashiba, damu nyingi inaelekezwa kwenye utumbo, na moyo unalazimika kusukuma zaidi ili viungo vingine visipungukiwe. Mapigo kupanda kiasi kwa saa moja au mbili baada ya mlo ni kazi ya kawaida ya mwili, na mlo ukiwa mkubwa yanapanda zaidi.

Kisha kuna ujirani. Umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni, unapita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Tumbo lenyewe liko chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na moyo umekaa juu ya kiwambo hicho hicho, kwa hiyo tumbo likijaa chakula na hewa linakisukuma juu. Zaidi ya hapo, neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, inahudumia umio, tumbo na moyo kwa pamoja. Tumbo likivutika, au umio ukichomwa na tindikali, taarifa inapanda kwa neva hiyo na amri inarudi kwa neva hiyo hiyo, na sehemu ya amri inaangukia moyoni: kasi inashuka ghafla, au vyumba vya juu vinakuwa vyepesi kutoa pigo lisilo la zamu yake. Daktari Mjerumani, Ludwig Roemheld, aliyaeleza haya mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo mkusanyiko huo wa dalili unatajwa kwa jina lake. Nafuu unayoipata ukibeua inaingia hapo: hewa ikitoka, tumbo linalegea. Wenye ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo imepanda kifuani kupitia tundu la umio, wanasumbuliwa na haya zaidi ya wengine.

Kwa hiyo aliyekwambia ni gesi hakusema uongo. Shida ni kwamba aliishia hapo.

Huko kuruka kwenyewe, jinsi ulivyokueleza, kuruka kisha kimya kisha kishindo, ni sura ya pigo la ziada karibu neno kwa neno. Sehemu fulani ya moyo inatoa pigo kabla ya wakati, kama mpiga ngoma aliyewatangulia wenzake nusu hatua kisha akanyamaza kuwasubiri. Pigo hilo la mapema ni dhaifu kwa sababu moyo haujajaa damu. Ukishika mkono huenda usilisikie kabisa. Kimya kinachofuata kinaupa moyo nafasi ya kujaa kupita kawaida, na pigo linalokuja baada yake linasukuma damu nyingi kwa mkupuo. Kishindo cha kooni ndicho hicho, pigo la kawaida lililobeba mzigo mkubwa. Moyo haukusimama. Ukijilaza, hasa kwa ubavu wa kushoto, moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua, na kwa kuwa nyumba imetulia unasikia kila kitu.

Ukiwafunga watu wenye afya njema kifaa cha kurekodi kwa saa 24, wengi utawakuta na mapigo ya ziada ambayo hawakuwahi kuyahisi. Moyo ukiwa mzima kwa umbo na nguvu, mapigo machache ya aina hii hayahitaji dawa. Yanakuwa tatizo yakizidi mno. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Mapigo ya ziada yanayotoka vyumba vya chini yakifika 10 hadi 15 katika kila 100, yaani 10,000 na zaidi kwa siku, yanaweza kuudhoofisha msuli wa moyo baada ya muda. Ndiyo maana tunayahesabu, hatuyakisii.

Kinachonishughulisha zaidi kwenye barua yako ni zile mara mbili tatu za mbio za dakika kumi. Umezitaja kwa kupitia tu, mimi ningeanza na hizo.

Moyo kwenda mbio una sura tatu kubwa. Kuna mbio za kawaida, ambapo moyo hauna kosa bali umeamrishwa na kitu kingine: hofu, homa, upungufu wa damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, sukari iliyoshuka. Hizi zinapanda polepole na kushuka polepole. Kuna mbio zinazotokana na umeme kunaswa kwenye mzunguko ndani ya moyo. Hizo zinaanza ghafla, mara nyingi kati ya mapigo 150 na 220 kwa dakika, sawasawa kabisa, na zinakatika ghafla vile vile. Mgonjwa hukumbuka hata alikuwa ameshika nini zilipoanza. Zinatisha kuliko zinavyodhuru, na wengi wanapona moja kwa moja kwa kuchomwa njia ile ya umeme kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu. Sura ya tatu ni fibrilesheni ya atria: vyumba vya juu vinatetemeka ovyo badala ya kupiga, na mapigo mkononi yanakosa mpangilio wowote. Ubaya wake mkubwa ni damu inayotuama katika vyumba vile, ikaganda, kipande kikasafiri mpaka ubongoni. Fibrilesheni ya atria inaongeza uwezekano wa kiharusi karibu mara tano, na mtu anaweza kuwa nayo kwa vipindi vifupi tu, kati ya vipindi hivyo ECG ikatoka safi kama yako.

Na hapa mlo unarudi. Daktari Mfaransa Philippe Coumel alieleza kundi la wagonjwa ambao fibrilesheni yao inapenda kuja usiku, wakati wa kupumzika, baada ya kushiba, pale neva ya vagasi inapotawala. Sisemi unayo. Nasema kwamba mtu wa miaka 47 mwenye mbio za ghafla usiku baada ya mlo anastahili kutafutiwa, hasa kama ana presha, kisukari, uzito mkubwa au anakoroma huku pumzi ikikatika usingizini.

Unaweza kuanza kuzitenganisha sura hizi kwa vidole vyako, lakini jifunze leo moyo ukiwa umetulia, usisubiri mpaka uwe umeogopa. Geuza kiganja kitazame juu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, kwenye kibonyeo kilichopo kati ya mfupa wa pembeni na kano. Usibonyeze sana, mshipa utajificha. Ukishausikia, hesabu kwa dakika nzima, huku ukigonga sakafu kwa mguu kufuata mapigo. Mguu ukifuata bila shida, mapigo yana mpangilio, hata kama ni ya mbio. Ukikosea mara moja moja kisha ukarudi kwenye mstari, hayo yanaelekea kuwa mapigo ya ziada. Ukishindwa kabisa kutabiri pigo lijalo, kila moja likija linavyotaka, andika hivyo hivyo kwenye daftari pamoja na saa, na mwoneshe daktari wako. Hiyo sentensi moja inaweza kubadilisha matibabu yako yote.

Vidole lakini si ushahidi wa mwisho. Omba kufungwa kifaa cha Holter, kile kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24 au 48 ukiwa nyumbani, na kwa kuwa mbio zako si za kila siku, ukipata cha wiki mbili ni bora zaidi. Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapoharibu: mgonjwa akifungwa kifaa anakuwa na adabu. Anakula kidogo, analala mapema, anakaa wima, na kifaa kinarudi hakina kitu. Siku ya kifaa kula chakula kile kile, kiasi kile kile, saa ile ile inayokusumbua, kisha ujilaze kama kawaida yako. Vifaa vingi vina kitufe cha kubonyeza ukihisi dalili. Kibonyeze kila unapohisi, na uandike saa na ulichokula. Tukisoma, tunaulinganisha mchoro na saa ile. Ukihisi moyo unaruka wakati mchoro unaonyesha mapigo ya kawaida, hilo nalo ni jibu, tena zuri.

Saa za mkononi zinazohesabu mapigo kwa mwanga zinasaidia kujua kasi, ila mapigo yakivurugika zinakosea kwa urahisi. Zile zinazokutaka uguse chuma kwa kidole cha mkono wa pili zinachora mstari halisi wa umeme wa moyo, na mstari huo ukihifadhiwa unasomeka. Sijali umetoka kwenye kifaa gani, mradi umechukuliwa wakati wa tukio. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi, ipo njia ya zamani isiyo na gharama ya ziada: nenda kituoni na chakula chako, kula pale pale, na ukianza kuruka upimwe papo hapo.

Pamoja na hilo, nenda upimwe moyo kwa mawimbi ya sauti ili tujue umbo na nguvu zake. Damu ichukuliwe kuangalia wingi wa damu, thairoidi, sukari, na madini ya potasiamu na magnesi. Hiyo magnesi naisisitiza kwako, si kwa kila mtu, na sababu iko kwenye pochi yako ya dawa.

Omeprazoli na dawa za jamii yake zikitumika muda mrefu, kwa baadhi ya watu zinapunguza ufyonzaji wa magnesi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2011, kwa kuwa magnesi ikishuka sana moyo unakuwa mwepesi kuvuruga mapigo. Mwaka wa pili wa kutumia ni muda wa kutosha kuhitaji kupimwa. Domperidoni nayo, ambayo umepewa tumbo lisogeze chakula haraka, inaweza kurefusha muda ambao moyo unajichaji baada ya kila pigo, na kwa watu wachache hilo linaleta mapigo ya hatari. Mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2014 iliibana: kichefuchefu na kutapika tu, kwa mtu mzima miligramu 10 isiyozidi mara tatu kwa siku, na kwa kawaida isipite wiki moja. Haifai kuchanganywa na dawa kadhaa za kawaida kama erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli. Nimeshangazwa kuona mtu anayelalamikia moyo anaongezewa dawa hiyo kabla ya mapigo yake kunaswa. Rudi kwa aliyekuandikia wiki hii, umwambie habari ya mapigo, na umwombe aamue upya mbele ya ECG. Omeprazoli usiikatize ghafla kwa hasira, kwani tindikali inaweza kurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa ukadhani ugonjwa umezidi. Inapunguzwa hatua kwa hatua, ikiwa kweli huihitaji. Na gesi, kwa taarifa yako, si kazi ya omeprazoli.

Muda wa dalili nao unasema kitu. Wapo ambao moyo unaruka wakati ule ule wa kumeza, hasa tonge kubwa au kinywaji baridi sana; hapo mshukiwa ni umio na jirani yake. Nusu saa hadi saa moja baada ya mlo, kama wewe, ni tumbo kujaa na neva ya vagasi. Ikichelewa mpaka saa mbili, tatu au nne, pamoja na jasho, mikono kutetemeka na njaa ya ghafla, nafikiria sukari: mlo wa wanga mwingi umeipandisha haraka, insulini imemwagika kupita kiasi, sukari ikashuka, na adrenalini ikaja kuokoa hali huku ikiuendesha moyo mbio. Kipimo cha sukari kwa tone la damu ya kidole wakati ule ule kinamaliza ubishi. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wanaweza kupata mbio ndani ya nusu saa kwa sababu chakula kinamwagika haraka kwenye utumbo. Wazee, wenye Parkinson (ugonjwa wa neva unaotetemesha mwili) na wenye kisukari cha muda mrefu wana lao: presha inaanguka ndani ya saa mbili baada ya kula, kichwa chepesi, na moyo unaongeza kasi kufidia, kwao, kunywa glasi moja au mbili za maji kabla ya mlo na kula kidogo kidogo kunasaidia kweli. Moyo ukienda mbio dakika chache baada ya kula samaki au chakula fulani, uso ukawa mwekundu, mwili ukawasha, midomo ikavimba, huo si ugonjwa wa mapigo. Ni mzio au sumu ya histamini, na pumzi ikianza kubana ni dharura.

Sasa chakula chenyewe, ambacho ninaona umekiadhibu sana. Kahawa kwa mfano. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu 100 walipangiwa kwa bahati nasibu siku za kunywa kahawa na siku za kuiacha, huku mioyo yao ikirekodiwa mfululizo. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana yoyote. Yale ya vyumba vya chini yaliongezeka, wastani wa 154 kwa siku dhidi ya 102, na usingizi ulipungua kama nusu saa. Mapigo 154 kati ya 100,000 si kitu cha kumkosesha mtu raha. Kama kahawa haikuchokozi, kikombe cha asubuhi hakina kesi. Ya usiku iache, zaidi kwa sababu ya usingizi.

Pombe ni habari nyingine kabisa. Tangu mwaka 1978 madaktari wana jina la "moyo wa sikukuu" kwa fibrilesheni inayokuja baada ya ulevi wa siku mbili tatu. Na katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 140 wenye fibrilesheni waliokuwa wakinywa waligawanywa mafungu mawili: kati ya walioombwa kuacha, asilimia 53 walirudiwa na ugonjwa, na kati ya walioendelea kunywa, asilimia 73. Ni vidonge vichache vinavyoweza kujisifu kwa tofauti kama hiyo. Hukutaja pombe, ila kama ipo kwenye mlo wa usiku ndiyo ya kwanza kuondoka.

Baada ya hapo, kwa uzoefu wangu kiasi na saa vina uzito kuliko aina. Gawa chakula cha usiku mara mbili, nusu jioni mapema na nusu baadaye kidogo, badala ya kujaza tumbo kwa mkupuo. Kula taratibu, anayekula haraka anameza hewa nyingi, na vinywaji vyenye gesi vinaongeza juu yake. Yapite masaa matatu kati ya tonge la mwisho na kitanda. Inua upande wa kichwa wa kitanda chenyewe, si kurundika mito, maana mito inakukunja tumboni. Legeza nguo ya kiunoni. Kuhusu ubavu, nina ushauri unaogongana: kwa kiungulia ubavu wa kushoto ndio bora, lakini kwa kusikia mapigo ndio mbaya zaidi. Anza na wa kulia, na kiungulia kikizidi tutajua tunapigana na nani. Kama uzito umezidi, kuupunguza kunasaidia tumbo na moyo pamoja, ila usiupunguze kwa njia unayoitumia sasa. Mtu anayeogopa kula anapungukiwa potasiamu na magnesi, analala na wasiwasi, anajipima mapigo kila baada ya dakika tano, na vyote hivyo vinaongeza kuruka. Rudisha vyakula ulivyoviacha, kimoja kila siku tatu nne, ukiandika. Kinachokuchokoza kweli kitajitokeza zaidi ya mara moja. Kilichotokea mara moja tu kisamehe.

Zile mbio za ghafla zikirudi, na ziwe za sawasawa, kuna mbinu ya kuzikata. Iliyopimwa vizuri ilichapishwa mwaka 2015 Uingereza. Keti umeegemea nyuma nusu, puliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano tupu la mililita 10, isiyo na sindano, kana kwamba unataka kulisukuma pistoni lake litoke, kwa sekunde 15. Bila kupumzika, mtu akulaze chali na akuinulie miguu juu kwa pembe ya nyuzi 45, sekunde 15 nyingine. Kisha rudi kukaa. Ilikata mbio kwa asilimia 43 ya wagonjwa, wakati kupuliza ukiwa umekaa tu kulikata kwa asilimia 17. Fanya ukiwa na mtu, na baada ya daktari kukubali kwamba mbio zako ni za aina hiyo. Haitibu fibrilesheni.

Yapo mazingira ambayo usimalizie hata kusoma barua kama hii, uende hospitali: umezirai au umekaribia kuzirai moyo ukiwa unaenda mbio, pumzi inakata, mdomo umepinda au mkono umelegea ghafla, mbio zimekataa kukatika kwa zaidi ya nusu saa, au kifua kinabana. Hilo la kifua lina historia ndefu. William Heberden wa London, alipoeleza maumivu ya moyo mwaka 1772, alisema yanamshika mtu akitembea, hasa akipanda mlima na mara tu baada ya kula. Kifua kinachobana baada ya kila mlo na kutulia ukipumzika ni mishipa ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama kubeua kunaleta nafuu. Na hukunieleza kama yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana au usingizini. Kuna maradhi ya kurithi ya umeme wa moyo, Brugada likiwa mojawapo, ambayo tumbo lililojaa linaweza kuyafanya yajitokeze kwenye mchoro. Kama yupo, mtaje kwa daktari kabla ya jambo jingine lolote.

Mwisho ni vidonge vya mama mkwe. Mwambie shemeji yangu asante kwa kukujali, ila usivimeze. Vingi vya aina hiyo vinashusha kasi ya moyo na presha, vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu, na katika fibrilesheni ile inayoletwa na neva ya vagasi vinaweza hata kuzidisha vipindi. Vitafunika pia dalili tunazotaka kuzinasa kwenye Holter. Halafu kuna yeye mwenyewe: vikiisha kabla ya siku yake ya kliniki kwa sababu mmegawana, na akakaa siku kadhaa bila dawa, presha na mapigo yake yanaweza kupanda kwa ghafla, na kwa mtu mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hilo linaweza kuleta shambulio la moyo. Na akija kliniki, njooni naye na pakiti zake zote; ningependa kujua na yeye anazitumia kwa ajili ya nini.